Mafunzo Niliyopata Kupanua Mlango wa Fremu Pasiansi

Barabara ya kutoka mjini Mwanza kwenda uwanja wa ndege inapita Pasiansi, na sebule nyingi zinazoitazama zinageuzwa fremu za biashara. Yetu nayo ikafuata. Mlango wa futi 3 ulitakiwa uwe wa futi 6, kwenye ukuta wa tofali za saruji za inchi 6.

1. Anza na dari. Ukuta hujibeba kwa kiasi: ukiutoboa, uzito wa juu huegemea pande mbili, na kinachobaki kuning'inia ni pembetatu. Kwa uwazi wa futi 6, pembetatu hiyo inataka kama futi 3 za tofali juu ya mlango. Sisi tulikuwa na kozi tatu tu, halafu kenchi imekaa katikati kabisa.

2. "Lenta ipo mama, we bomoa tu." Fundi wa kwanza aliniambia hivyo, nikamshukuru nikatafuta mwingine. Lenta ile ilimwagwa kwa mlango wa futi 3. Tulipobandua lipu na zege kidogo tukakuta nondo mbili nyembamba. Uwazi ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuipinda lenta huongezeka mara nne.

3. Tegemeza kabla ya kubomoa. Mafundi walitoboa matundu juu ya mahali pa lenta mpya, wakapitisha boriti fupi, kila ncha ikabebwa na mrunda uliosimama juu ya ubao. Kenchi ikapewa mirunda yake. Kabari ndizo za kuangalia: zigongwe hadi mrunda uache kutikisika, basi. Ukizidisha unauinua ukuta, na ufa unauona papo hapo.

4. Lenta yetu ilimwagwa chini, uani, futi 8 ili kila upande ukalie futi nzima. Nondo nene, za milimita 12, hukaa chini, maana zege huvutika upande huo. Lakini zege likikauka, juu na chini vinafanana, na vijana wakishabeba mzigo wa kilo 170 hakuna anayekumbuka. Fundi alichora JUU kwa msumari zege likiwa bichi. Kwangu hilo lilizidi thamani ya siku nzima ya kibarua. Kisha magunia, na maji asubuhi na jioni.

5. Nafasi inayobaki kati ya lenta na tofali za juu isijazwe udongo wa majimaji, kwa sababu hunywea ukikauka na ukuta unashuka kuufuata. Chukua saruji na mchanga wenye unyevu wa kushikamana tu kiganjani, ushindilie kwa kipande cha mbao.

6. Miguu ya mlango sasa inabeba zaidi. Mwanza msingi unaweza kuwa kona moja juu ya jabali, nyingine juu ya udongo, kwa hiyo chimba kidogo utazame. Na kibali cha Manispaa ya Ilemela kiwe mkononi mapema.

7. Tofali za chini ya lenta ndizo za mwisho kutoka, baada ya mshindilio kukomaa. Mirunda ya katikati ililegezwa kwanza, kabari kidogo kidogo, huku fundi akitazama uzi alioukaza chini ya lenta. Haikugusa uzi. Tukaita mtu wa shata aje kupima.