KURA NI AMANA

Bismillahi Rrahmani Rrahim



Kila kampeni inapofika Baraka na Fizi tunaona mambo yale yale: vikwembe vyenye picha vinagawiwa, chumvi na sabuni zinaingia nyumbani. Leo tujiulize: je, tunachagua, au wengine wanatuchagulia?

Kumbukeni mwaka 2006. Wagombea urais walikuwa 33, na tarehe 29 Oktoba wakabaki wawili, Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Sisi wa mashariki, tuliotoka vitani, tuliambiwa Kabila ndiye mleta amani. Kivu ya Kusini ikampa zaidi ya kura 9 katika kila 10. Kinshasa waliambiwa Bemba ndiye mwana wa nchi. Wengi wakampa yeye. Nchi moja, karatasi moja, lakini kila upande ulisikia maneno yake. Hatusemi nani alikosea. Tunasema: neno likirudiwa sana redioni, sokoni na barazani, moyo hulikubali bila kuuliza ushahidi.

Maneno hayo huingia kwa milango mitatu:

1. HOFU. Tunaambiwa: "Msipomchagua huyu, vita vitarudi, wale watachukua ardhi yenu." Sura ya Al-Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Na sisi wa Fizi tunajua uvumi umezika watu wangapi.

2. UKOO. Tunaambiwa: "Huyu ni mtoto wetu." Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka kusimamia haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kura ni ushahidi. Basi usiulize tu ni mtoto wa nani. Uliza amefanya nini kuhusu barabara, shule na hospitali.

3. ZAWADI. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rishwa na mpokea rishwa. Chumvi inaisha mwezi mmoja. Mbunge anakaa miaka mitano.

SWALI: Mtu amekwisha kupokea pesa, tena ameapishwa kwamba atampigia mgombea fulani. Afanye nini?

JIBU: Kwanza atubu, wala asirudie. Pili, rishwa haifungi kura yake. Tatu, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba aliyeapa, kisha akaona lililo bora zaidi, afanye lile bora na atoe kafara ya kiapo: kulisha maskini kumi au kuwavisha, asiyeweza, afunge siku tatu. Na ajue kwamba sheria ya nchi imeifanya kura kuwa siri. Ndani ya chumba cha kupigia kura hayupo mgombea wala mjumbe wake. Mwenyezi Mungu peke yake ndiye anayeona.

Ewe ndugu, ukitoka msikitini leo, zungumza na mke wako na watoto wako juu ya jambo hili, kabla ya gari la kampeni kuwafikia.

Ewe Mola, tupe viongozi wenye kukuogopa, na utupe macho ya kuwatambua. Amin.

Wabillahi tawfiq.