Mwalimu Mkali Wodini

Mara nyingi ukurasa wa afya huongea juu ya maradhi na kinga zake. Safari hii tuwaangalie wale wanaojifunza kututibu. Familia nyingi parokiani zina kijana aliye chuo cha uuguzi. Ada yake imetoka kwenye kahawa, kwenye ng'ombe aliyeuzwa au kwenye mchango wa ukoo. Ameanza vizuri, ameshonewa sare, picha yake imetundikwa sebuleni. Halafu siku moja usiku simu inalia: "Mama, nataka kurudi nyumbani. Mwalimu wa wodini ananichukia."

Wapo wazazi wanaojibu papo hapo, "Vumilia, hata sisi tulichapwa." Wapo wanaowaka hasira na kutaka kumpigia mkuu wa chuo kesho yake asubuhi. Majibu yote mawili hutolewa kabla jambo lenyewe halijasikilizwa. Kijana anayesema "ananichukia" huenda ana mwalimu anayemfundisha kwa ukali, au huenda ana mwalimu anayemwonea. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kwa nini wodini si kama darasani

Darasani mwanafunzi akikosea hesabu, hufuta akaanza upya. Wodini yupo mtu kitandani, na mwalimu aliyesimama nyuma ya mwanafunzi ndiye atakayeulizwa lolote likitokea. Tuchukue insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari. Insulini inayotumika sana ina yuniti 100 katika kila mililita 1. Mgonjwa aliyeandikiwa yuniti 10 anapaswa kupata sehemu moja tu ya kumi ya mililita, na ndiyo maana insulini ina bomba lake la sindano lenye alama za yuniti. Mwanafunzi akishika bomba la kawaida na kuvuta mililita nzima, amempa mgonjwa mara 10 ya kipimo chake. Sukari itashuka, mgonjwa atatokwa jasho, atachanganyikiwa, atapoteza fahamu, na asipowahiwa anaweza kufa.

Au tuchukue sindano ya tako. Mwanafunzi hufundishwa kuligawa tako kwa macho katika robo nne na kuchoma robo ya juu, upande wa nje. Akishuka chini au akiingia ndani, sindano inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni. Hapa Afrika Mashariki wako watoto waliobaki wakichechemea baada ya sindano ya kwinini kuchomwa mahali pasipofaa. Basi mwalimu anayepaza sauti "Acha!" wakati sindano iko hewani hana nafasi ya kutafuta maneno matamu. Kijana atatetemeka, pengine atalia chooni, lakini mtoto aliyelala kitandani atatembea.

Iko sababu nyingine ya ukali, nayo haijulikani sana. Mwaka 1984 muuguzi Mmarekani, Patricia Benner, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi muuguzi anavyokua kutoka mwanagenzi hadi bingwa, kwa hatua 5. Mwanagenzi hutegemea kanuni: kwanza hiki, kisha kile. Bingwa hafikirii tena hatua moja moja. Akiingia wodini anamwona mgonjwa wa kitanda cha tatu na kujua kwamba hali yake imebadilika, kabla hata ya kushika kipimo cha joto. Ujuzi huo ni zawadi kwa wagonjwa, lakini unaweza kuwa mzigo kwa wanafunzi. Bingwa amesahau jinsi jambo hilo lilivyokuwa gumu siku ya kwanza. Anaruka hatua anapoeleza, halafu anashangaa kwa nini mwanafunzi hakuelewa. Ni kama kumwomba bibi kipimo cha chumvi ya mchuzi wake, atakwambia tu, "Tia ya kutosha."

Ongeza hapo wodi iliyojaa, wauguzi wachache wa zamu, na wanafunzi wengi wanaomzunguka mwalimu mmoja ambaye pengine ana wagonjwa wake mwenyewe wa kuhudumia. Tunayasema haya ili ukali ueleweke, si ili matusi yahalalishwe.

Kwa maana matusi hayafundishi. Mwaka 2015 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika Israeli. Timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto wachanga zilipewa zoezi la kumhudumia mtoto wa mfano. Baadhi ya timu zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa mtu aliyetambulishwa kuwa mtaalamu mgeni. Nyingine zilisikia maneno ya kawaida. Waliodharauliwa walifanya vibaya zaidi, katika kutambua ugonjwa na katika kazi ya mikono pia, na walipungukiwa katika kupashana habari na kuombana msaada. Hao walikuwa wenye kazi yao, tena dharau yenyewe haikuwa kubwa. Sembuse binti wa miaka 19 anayeshika mpira wa mkojo kwa mara ya kwanza.

Mwanafunzi afanye nini

Jambo linalopunguza ukali wa mwalimu kuliko yote ni maandalizi ya usiku uliotangulia. Mwanafunzi akijua atapangwa wodi gani, asome ugonjwa unaopatikana sana huko na dawa zake. Asubuhi awahi kabla ya makabidhiano ya zamu, awajue wagonjwa wake kwa jina, kitanda, ugonjwa na dawa. Kabla ya kutoa dawa yoyote ajipitishie yale mambo 5 aliyofundishwa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Mwalimu akiuliza, "Dawa hii ni ya nini?" na mwanafunzi akajibu bila kubabaika, mara nyingi siku hiyo inakwenda vizuri. Asipojua, aseme: "Mwalimu, sijui. Nitaisoma leo na kesho nitakueleza." Kisha kesho yake aeleze kweli, hata kama mwalimu amesahau kuuliza. Kubahatisha jibu ndiko kunakowakasirisha walimu wengi, na wana haki, kwa sababu anayebahatisha jibu leo atabahatisha kipimo kesho.

Kuuliza nako kuna wakati wake. Daktari akiwa anapita vitandani, au mwalimu akiwa anahangaika na mgonjwa aliyezidiwa, si wakati wa swali refu. Kazi zikitulia, mwanafunzi amfuate kwa adabu: "Shikamoo Mwalimu. Naomba nafasi kidogo. Jana ulisema nimefunga kidonda vibaya. Naomba unionyeshe ni hatua gani niliyokosea." Swali la namna hiyo linamgeuza mwalimu kutoka kugomba kwenda kufundisha. Mwalimu akisema tu "Wewe hufai", mwanafunzi aulize hicho kisichofaa ni kipi hasa. Akiambiwa, aandike kwenye daftari dogo, akafanye mazoezi kwenye chumba cha mazoezi cha chuo pamoja na wenzake, mmoja akishika orodha ya hatua na kumsahihisha mwingine.

Jambo moja asilifanye kamwe: kumtendea mgonjwa kitu ambacho hajafundishwa kwa sababu tu anaogopa kukataa. Maneno yapo, tena ya heshima: "Mwalimu, hili sijawahi kulifanya. Naomba nisimame karibu nikuone, kisha nifanye ukiniangalia." Anaweza kufokewa kwa kusema hivyo. Afadhali afokewe.

Na hapa tufike kwenye hatari kubwa kuliko machozi ya kijana. Mwanafunzi anayemwogopa mwalimu wake kupita kiasi huficha makosa. Amempa mgonjwa wa kitanda cha 4 dawa ya kitanda cha 5, na kwa hofu ananyamaza na kutia alama kwenye chati kana kwamba yote ni sawa. Mgonjwa akianza kubadilika, hakuna ajuaye sababu. Wazazi, mwambieni kijana wenu waziwazi kwamba siku atakayokosea dawa, aseme dakika hiyohiyo kwa muuguzi wa zamu, mgonjwa apimwe, daktari aitwe, na kosa liandikwe. Adhabu itakayokuja mtaibeba pamoja. Kijana anayejua kwamba nyumbani hatafukuzwa kwa kosa, ana nguvu zaidi ya kulisema wodini. Hapo mzazi aliye kijijini, ambaye hajawahi kuvuka mlango wa wodi ile, anamlinda mgonjwa asiyemjua.

Ukali ukivuka mpaka

Mwalimu mkali husema juu ya kazi: "Hukunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa." Mwalimu anayeonea husema juu ya mtu: kabila lake, umbo lake, umaskini wa kwao, wazazi wake. Mkali huwafokea wote kwa kosa lilelile. Anayeonea ana mtu wake mmoja. Mkali husaini kitabu cha mazoezi ya vitendo kazi ikifanywa sawasawa. Anayeonea hukataa kusaini bila kueleza, au husaini kwa malipo. Anayepiga, naye asiitwe mkali.

Mwanafunzi aliyefikwa na hayo aandike tarehe, saa, wodi, maneno yaliyosemwa na nani aliyesikia. Ajaribu kwanza kuongea na mwalimu mwenyewe ikiwa si hatari, kisha mwalimu wa darasa au mlezi wa wanafunzi, kisha mkuu wa chuo. Maelezo ya kwamba "ananichukia" hayana pa kushikwa. Maelezo ya kwamba "tarehe fulani, mbele ya wagonjwa na wenzangu wawili, aliniita hivi" yanashikika. Wanafunzi watatu wakipeleka jambo moja pamoja husikilizwa kuliko mmoja. Tena, mwalimu aliye muuguzi yuko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 linaweza kumchukulia hatua muuguzi anayekiuka maadili ya kazi yake.

Juu ya mwalimu anayedai mwili wa mwanafunzi ili asaini kitabu au ampe alama, hapo hakuna ngazi ya kupanda polepole wala kikao cha kusuluhisha. Ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Simu ya TAKUKURU ni 113, na haina malipo. Binti asifute ujumbe aliotumiwa. Na asiulizwe nyumbani alivaa nini.

Mzazi anapopokea simu

Msikilize mpaka amalize. Kisha muulize mambo matatu: mwalimu alisema nini hasa, wenzako wanatendewaje, na je, kazi yenyewe ulikuwa umeifanyaje? Majibu yatakuonyesha uko upande gani wa ule mpaka. Usimpigie mwalimu simu kwa hasira, kwa kuwa kesho wewe uko shambani na mwanao yuko mbele yake. Ikibidi kwenda chuoni, nenda kwa mkuu wa chuo, umpe taarifa kijana kabla, na ubebe ile karatasi yenye tarehe.

Mwulize pia analalaje na anakula nini. Kijana anayetapika kila asubuhi kabla ya zamu, asiyelala kwa majuma, au aliyeacha kuongea na wenzake, anahitaji kuonwa na daktari au mshauri kama mgonjwa mwingine yeyote. Akisema afadhali afe, usimjibu kwamba ni utoto. Mfuate siku hiyohiyo, au mwombe mtu mzima aliye karibu naye akae naye mpaka ufike.

Kumbukeni tu kwamba stashahada ya uuguzi huchukua miaka 3, na mwanafunzi hakai wodi moja muda wote. Huhamishwa kutoka wodi ya wanaume kwenda ya watoto, ya wazazi, hadi kliniki. Mara nyingi kuhama kunatosha. Kabla kijana hajafungasha sanduku, mwambieni aulize ofisini ni lini atabadilishiwa wodi, na huko anakokwenda msimamizi ni nani.