Kugawa Wilaya ya Rotary: Maswali Yanayonikera

Barua zinazouliza Rotary ni nini nimeziweka pembeni. Mwenye swali hilo aende kwenye kikao cha klabu iliyo karibu naye, atapewa chai na majibu. Nyingine karibu zote zinauliza kuhusu mipaka ya wilaya zetu: nani atatuongoza, na fedha zitakwenda wapi. Hapa nimechagua zilizoninyima usingizi na zilizonipandisha hasira.

Tukipata wilaya yetu wenyewe, si fedha za Mfuko wa Rotary zitakuja kwetu moja kwa moja badala ya kuishia kwa wakubwa? (Barua za namna hii ni nyingi, nimeziunganisha.)

Hapana, na laiti uvumi huu ungekufa mwaka huu huu. Mfuko wa Rotary hauipi wilaya fedha kwa sababu imepata namba mpya. Mwanachama akichangia Mfuko wa Mwaka, mchango wake huwekezwa kwa miaka mitatu. Baada ya hapo karibu nusu hurudi kwenye wilaya, karibu nusu nyingine huingia Mfuko wa Dunia, na kipande kidogo hubaki kwa gharama za uendeshaji. Kwa hiyo ruzuku mnazogombania leo zinatokana na mlichotoa, au mlichokataa kutoa, miaka mitatu nyuma.

Sasa gaweni wilaya. Chungu ni kilekile, na mnakipakua kwenye sahani mbili. Klabu ambazo hazikuchangia zinaondoka na historia yao ya kutochangia. Gharama ndizo zinazozaliana: magavana wawili wa kuzunguka klabu zote, mikutano mikuu miwili, semina mbili za marais wateule wa klabu, kamati mbili za kila kitu. Nani atalipa? Ni ninyi, kwa tozo ya wilaya. Tozo hiyo huidhinishwa na robo tatu ya marais wateule waliohudhuria mafunzo yao, au na wajumbe wengi wa mkutano mkuu. Rais mteule anayekwenda mafunzoni kupiga picha na kurudi asishangae ankara ikimfikia.

Nitasema tena, maana najua wengine wameanza kuruka mistari. Klabu moja iliniandikia kulalamika kwamba "wakubwa" wameinyima ruzuku kwa sababu iko mbali. Nikaomba kuona faili lao la mradi wa kisima. Ndani kulikuwa na picha za uzinduzi, utepe na shuka za wageni rasmi, na karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa kalamu: "fundi, amelipwa." Haina tarehe, kiasi wala sahihi. Taarifa ya mwisho ya mradi haijawahi kutumwa. Klabu yenye taarifa iliyochelewa haipewi ruzuku mpya, iwe iko Kariakoo au Kigoma. Hata makao makuu ya wilaya yakihamishiwa sebuleni kwao, hilo halitabadilika.

Na wanaoota ruzuku ya kimataifa wakumbuke kwamba bajeti yake haipungui dola 30,000, inahitaji mbia kutoka nchi nyingine, na klabu lazima iwe imehudhuria semina ya usimamizi wa ruzuku na kutia sahihi hati ya makubaliano. Mpaka mpya hauna sahihi ya kutia.

Tukihamishiwa wilaya nyingine, klabu yetu itanyang'anywa cheti?

Hapana.

Klabu za Kampala ni nyingi na kubwa. Sisi wadogo kura yetu ina maana gani?

Inategemea mnapigia nini. Kwenye mambo ya kawaida ya wilaya, kila klabu hupata mjumbe mmoja wa kupiga kura kwa kila wanachama 25, au sehemu iliyozidi nusu ya hao. Klabu ya watu 37 ina kura moja, ya watu 38 ina mbili. Idadi inayotumika ni ile ya ankara ya karibuni. Hapo ndipo klabu nyingi hujikata miguu: Juni inapokaribia kwisha wanafuta majina ili wakwepe ada ya Julai, halafu wanakuja mkutanoni kulia kwamba wamemezwa.

Kwenye mipaka hesabu ni nyingine. Zikipinga zaidi ya nusu ya klabu zote, bodi ya Rotary kwa kawaida haiwezi kuibadili, na hapo klabu ya watu 18 ni sawa na klabu ya watu 100. Wilaya ikizidi klabu 100, au ikiwa na wanachama wachache mno, kinga hiyo haipo na bodi inaweza kuigawa au kuifuta. Someni kanuni hiyo kabla ya kutunga maazimio ya kumkaripia gavana.

Kwa nini kila nchi isiwe na wilaya yake? Ni suala la heshima.

Heshima haijazi fomu. Wilaya ya Rotary haijawahi kufuata bendera. Wilaya 9200 ilibeba Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Eritrea mpaka ilipogawanywa mwaka 2013: Tanzania na Uganda zikawa 9211, Kenya na majirani zake wa kaskazini wakawa 9212. Baadaye 9211 nayo ikazaa 9213 na 9214. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Goma wamezoea Wilaya 9150, inayofika Kamerun na Gabon, ambako gavana anahitaji ndege, pasipoti na Kifaransa kizuri. Nchi ikiwa na klabu za kutosha, zilizo hai na zinazolipa ada, hoja ya wilaya yake inajitetea. Ikiwa nusu ya klabu zipo kwenye karatasi tu, mtakuwa mmejipatia gavana wa kuzika klabu.

Nasikia ugavana unafutwa na tutaongozwa na mabaraza ya kanda. Ni kweli?

Umesikia nusu. Mwaka 2022 Baraza la Kutunga Sheria la Rotary, ambalo hukutana kila miaka mitatu na kila wilaya hutuma mjumbe, liliruhusu majaribio ya uongozi wa kikanda katika maeneo mawili: Uingereza na Ayalandi, na Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Nia ni kupunguza tabaka, kuwa na viongozi wa karibu wanaohudumia klabu chache, na baraza la kanda linalokaa muda mrefu kuliko mwaka mmoja wa gavana.

Huo mwaka mmoja ndio tatizo halisi, nami siwacheki wanaolisema. Gavana anaapa Julai, anazunguka klabu mpaka Januari, anaandaa mkutano mkuu, na ifikapo Juni anakabidhi. Anayefuata anakuja na nembo yake na vipaumbele vyake. Hata hivyo Uingereza na Ayalandi wana chombo chao cha pamoja tangu 1914. Wana watumishi wa kulipwa na utamaduni wa kutunza kumbukumbu. Kabla ya kuiga baraza lao, tuanze na kabati lao la mafaili.

Gavana aliyemaliza muda hajatuonyesha hesabu za wilaya. Tufanyeje?

Mnadai kwa maandishi. Taarifa ya fedha ya mwaka ni haki ya kila klabu, nayo lazima ijadiliwe kwenye mkutano. Kunong'ona kwenye kundi la WhatsApp si kudai.

Wanaoshabikia mgawanyo si ndio wanaoutaka ugavana?

Wengine, ndiyo. Muulizeni kila mmoja gharama zitalipwa na nani, msikilize atajibu kwa muda gani.

Kuna bwana anapita kwenye klabu akikusanya "ada ya usajili wa wilaya mpya". Anasema klabu zitakazochelewa zitaachwa nje. Tulipe?

Msitoe hata shilingi. Hakuna ada ya namna hiyo. Klabu hailipii kugawanywa kwa wilaya, na klabu iliyo hai haiachwi nje ya mpaka wowote. Mwandikieni katibu wa wilaya leo, mkitaja namba ya simu bwana huyo aliyotaka mtume fedha. Waliokwisha kulipa wapeleke ujumbe wa muamala polisi, wasisubiri mkutano mkuu.