Maji Safi Bombani, Machafu Kikombeni



Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Watu walitoka mbali kuja kutafuta kazi, wakasongamana katika makambi. Wengi hawakurudi kwao. Si mawe ya mgodi peke yake yaliyowaua. Waliuawa pia na homa ya mapafu, homa ya matumbo na kuhara damu.

Waganga walitafuta namna ya kuzuia vifo hivyo. Mwaka 1923 wawili kati yao, Pearson na Mouchet, walitoa kitabu juu ya usafi wa makambi ya wafanyakazi, kufuatana na waliyoyaona Katanga.

Magonjwa ya tumbo hutoka katika choo cha mtu mmoja, yakaingia katika kinywa cha mwingine. Njia zake ni maji, chakula, inzi na mikono. Tena, mtu aliyepona homa ya matumbo anaweza kuendelea kubeba vijidudu, naye haumwi. Kwa hiyo usiamini macho.

Fanyeni hivi:

1. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi. Kifunikeni, inzi wasiingie.

2. Osheni ndoo kabla ya kuteka. Maji ya kunywa yachemshwe, yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Usitumbukize mkono wala kikombe. Teka kwa upawa safi.

3. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni, kabla ya kupika na kabla ya kula. Sabuni ikikosekana, tumia majivu.

4. Mavi ya mtoto mchanga nayo yana ugonjwa. Yatupe chooni, kisha unawe.

Mtu akihara maji mengi yanayofanana na maji ya mchele, huenda ni kipindupindu. Kinaweza kuua kwa saa chache. Mpeleke hospitali upesi. Njiani mnyweshe kidogo kidogo: litre 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usimnyime maji.

Leo ukirudi kutoka kazini, tazama chombo cha maji nyumbani kwako. Kama hakina kifuniko, anza hapo.