Mto Mississippi na Mabonde ya Samaki

Wanafunzi wetu wanaujua mto Mississippi katika ramani, nao huweza kuitaja miji iliyo kando yake bila kusita. Lakini nikiwauliza darasani, "Yale mabonde ya majimaji kandokando ni mali ya nani?" wote hunyamaza. Basi nimeona niandike machache juu ya jambo hilo.

Katika majimbo ya kati ya Marekani, kama Illinois, Iowa, Indiana na Wisconsin, kuna sehemu nyingi kando ya mito na maziwa zilizotengwa kwa ajili ya samaki, ndege na wanyama, nazo ni mali ya watu wote. Mwenye leseni huvua, na msimu ukifika huwinda bata. Asiyependa kuua huenda na darubini yake akatazama ndege.

Mwaka 1923 palikuwa na shauri la kukausha bonde la Winneshiek, kando ya Mississippi, ili lifanywe mashamba. Ukilisikia shauri hilo kwa haraka utalisifu, maana shamba ni chakula. Lakini itazame kazi ya bonde lenyewe. Mto unapofurika, theluji ikiyeyuka, samaki huingia humo kutaga mayai penye maji machache, yenye joto na majani ya kujifichia. Watoto wao hukulia humo, kisha hurudi mtoni. Maji yakipungua upesi, wengi hunaswa katika vidimbwi wakafa. (Kamongo wetu angejizika matopeni akangoja mvua; samaki wengi wa kule hawana ujuzi huo.) Zamani serikali yao iliajiri hata watu wa kuwakokota kwa nyavu na kuwarudisha mtoni!

Mvuvi mmoja wa ndoana, Will Dilg, pamoja na wenzake walikuwa wameunda chama huko Chicago mwaka 1922, kiitwacho Izaak Walton League. Chama hicho kilipiga kelele mpaka Bunge likasikia, na tarehe 7 Juni 1924 sheria ya kulinda mabonde yale ikatiwa sahihi. Leo hifadhi hiyo ina urefu wa maili 261, toka Wabasha katika Minnesota hadi karibu na Rock Island katika Illinois, nayo ina eka 240,000 hivi.

Bonde la mto Kankakee, katika Indiana, halikupata mtetezi wa namna hiyo. Lilikuwa na eka zipatazo 500,000 za majimaji, lakini mto ulinyoshwa kwa mifereji na nchi ikawa mashamba. Vipande vilivyosalia ni vichache. Kimoja kiko Jasper-Pulaski, ambapo maelfu ya korongo hutua kila mwaka kabla ya baridi kali, wakiwa safarini kwenda kusini.

Sasa fedha, na hapa ndipo ninapowasifu zaidi. Tangu 1934 mwinda bata hununua stempu maalum. Ya kwanza ilichorwa na Ding Darling, mchora katuni wa Iowa, ikauzwa dola 1, na siku hizi ni dola 25. Karibu fedha yote hununua au kukodi ardhi ya ndege wa majini. Sheria ya 1937 ilitenga kodi ya bunduki na risasi, na ya 1950 kodi ya vyombo vya kuvulia, na fedha hugawiwa majimbo. Lakini kuna sharti: jimbo likichukua ada za leseni kwa kazi nyingine, kwa mfano kutengeneza barabara, hupoteza fungu lake. Nadhani sharti hilo limeokoa mabonde mengi kuliko hotuba zote.

Hata hivyo taabu haikosi. Wawindaji wamepungua kuliko walivyokuwa miaka ya 1980, na mtazama ndege anayeingia na darubini yake halazimiki kununua stempu ya bata. Bonde analifurahia, gharama huchukua mwenziwe, na wabunge wa majimbo bado wanabishana atozwe nini.