SIRI ZA WATU NDANI YA KOMPYUTA: TUCHAGUE MFUMO UPI?



Mwaka jana wezi walivunja ofisi yetu wakaiba kompyuta. Mashine ilikuwa kuukuu, si hiyo iliyotukosesha usingizi. Ndani yake mlikuwa na majina ya wagonjwa tunaowatembelea nyumbani, dawa wanazotumia, na mikopo ya wajane. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Mama mmoja akatuuliza, "Sasa nani atajua habari zangu?" Hatukuwa na jibu.

Tulidhani neno la siri tunaloandika tukiwasha mashine lingetulinda. Kumbe sivyo! Kama diski yenyewe haikufungwa, mwizi huitoa tu, akaisoma kwa kompyuta nyingine. Tena mfumo wetu ulikuwa nakala isiyo halali, tuliyowekewa mjini kwa bei ya chini.

Mfumo endeshi ni nini?
Ni programu kubwa inayoamsha kompyuta na kusimamia kazi zake zote. Windows ni mfano mmoja. Mingine ni programu huria: maandishi yake ya ndani yako wazi, na mwenye ujuzi aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, ni ya namna hii. Mifumo mingi ya Linux ni ya bure, kwa hivyo hakuna haja ya nakala ya wizi.

Je, kilicho wazi ni salama?
Si lazima. Mwaka 2012 mfumo huria wa Ubuntu ulianza kupeleka nje maneno ambayo mtu anatafuta katika kompyuta yake, ili aonyeshwe bidhaa za Amazon. Watu walipiga kelele, na katika toleo la 2016 jambo hilo likawa limezimwa mpaka mtu aliwashe mwenyewe. Ni kama daftari la chama: likisomwa mbele ya wanachama, mweka hazina bado aweza kukosea, lakini macho yako mengi.

Kabla ya kuchagua, tuulize:

1. Marekebisho yatakuja hadi lini? Mfumo usiorekebishwa ni nyumba yenye kufuli mbovu. Kila toleo la Debian hutunzwa kwa karibu miaka 5. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

2. Unapeleka nini nje? Debian, wakati wa kuiweka, hukuuliza kama unakubali kutuma takwimu za programu unazotumia. Usipochagua kitu, jibu ni "hapana".

3. Je, diski yote yaweza kufungwa? Debian inakupa nafasi hiyo siku ya kuiweka. Lakini angalia: ukilisahau neno la siri, hata fundi hawezi kukufungulia. Weka nakala ya kazi yako mahali pengine, nayo ifungwe.

4. Nani wa karibu atatusaidia? Mfumo mzuri usio na fundi utaachwa. Ujaribu kwanza kwa flashi, uone kama printa inafanya kazi, kabla ya kufuta kitu.

Sisi tulichagua Debian. Upo pia mfumo wa Tails, unaokaa kwenye flashi na usioacha alama katika kompyuta ya watu. Unamfaa aliye hatarini, lakini kwa daftari za kila siku za ofisi si rahisi.

Tukumbuke kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatudai kulinda habari za watu. Na hakuna mfumo utakaotuokoa kama neno la siri limebandikwa ukutani!

Yule mama tulimrudia. Yaliyopotea hatuwezi kuyarudisha, lakini safari hii tulikuwa na la kumwambia.

Maswali ya kujadiliana
- Kompyuta yetu ikiibiwa usiku wa leo, ni nani ataumia?
- Ni habari gani tunaziweka bila sababu?
- Ni nani katika kikundi atakayefuatilia marekebisho?