Vijana Wanne Shuleni Ugenini

SOMO LA FAMILIA

Maandiko ya kusoma nyumbani: Danieli 1:1-21, Danieli 2:17-18, Kumbukumbu la Torati 6:6-7

Lengo la somo: Kila nyumba ijue namna ya kumsaidia mwanafunzi wake wa sekondari, hata kama wazazi hawajui Kiingereza.



Mwezi huu tuzungumze juu ya watoto wetu wanaosoma sekondari. Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe, maana mchungaji naye ni mzazi, na mzazi hukosea.

Tulipovuka mpaka kuingia Uganda mwaka 2018, kijana wangu wa kwanza alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa sekondari kule Kivu. Buletini zake zilibaki katika nyumba iliyochomwa. Bila karatasi na bila Kiingereza, akarudishwa darasa la 7 la msingi, akaketi benchi moja na watoto aliowazidi umri. Alivumilia. Akafanya mtihani wa PLE, akaingia S1 mwaka 2020. Mara korona ikaja, shule zikafungwa mwezi wa Machi mwaka ule, na kwa madarasa mengi hazikufunguliwa sawasawa mpaka Januari 2022.

Mwaka huo, katika muhula wa pili, mshirika mmoja alinisimamisha njiani akaniambia, "Mchungaji, kijana wako anajua kufyatua matofali!" Nikadhani anamsifu kwa kazi ya likizo. Lakini haikuwa likizo. Kwa wiki tatu kijana alikuwa akitoka asubuhi na sare, anaivua njiani, anaingia kwenye udongo.

Jioni niliita familia yote. Nikafungua Mithali sura ya 6, habari ya mvivu na chungu, nikahubiri mpaka taa ikaanza kufifia. Kijana alitazama chini, hakujibu neno. Nikajiona nimefanya kazi ya baba.

Kesho yake mama yake alikaa naye wakichambua maharagwe. Hakuhubiri. Alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, kule darasani ni saa gani unaona aibu?" Kijana akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mama, mwalimu akiuliza, jibu ninalo, lakini linakuja kwa Kifaransa. Nikimaliza kuligeuza, mwenzangu amekwisha kujibu. Nikikosea wanacheka. Kwenye matofali hakuna anayenicheka."

Wapendwa, mtoto niliyemwita mvivu alikuwa akifanya kazi mara mbili ya wenzake, na mimi sikujua. Ndiyo sababu naandika somo hili.

1. DANIELI NA WENZAKE WALIKUWA WAHAMISHWA

Tukimtaja Danieli tunakimbilia tundu la simba. Lakini habari yake inaanzia shuleni. Yerusalemu imevamiwa, vijana wamechukuliwa mpaka Babeli, na mfalme Nebukadneza anaamuru wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo kwa muda wa miaka mitatu. Mwishoni wangesimama mbele ya mfalme kama watu wanaopimwa. Hata majina yao yalibadilishwa: Danieli akaitwa Belteshaza, Hanania akaitwa Shadraka, Mishaeli Meshaki, na Azaria Abednego.

Je, si habari za nyumba zetu? Mtoto amepoteza kwao, anafundishwa kwa lugha ya wenyewe, jina lake linaandikwa vibaya katika daftari la mahudhurio, na mtihani unamngoja mbele.

Mstari wa 17 unasema wazi kwamba Mungu ndiye aliyewapa maarifa. Lakini angalieni: Mungu hakuifuta ile miaka mitatu. Walisoma. Na hawakusoma peke yao. Walikuwa wanne. Tena alikuwepo mwangalizi, mtu mzima, ambaye Danieli alipomweleza shida ya chakula alikubali kumsikiliza na kuwajaribu siku 10. Mkuu wake alikuwa ameogopa mfalme, lakini huyu alisikiliza. Mwanafunzi wa ugenini anahitaji wenzake, na anahitaji mtu mzima mmoja anayesikiliza. Tusipompa hivyo viwili, karo peke yake haitamvusha.

2. MTOTO ANAYEJIFUNZA MARA MBILI

Wazazi wengi huniambia, "Mchungaji, huyu anajua Kiingereza, namsikia akicheka na wenzake uwanjani. Mbona anaanguka Biolojia?" Jibu lipo. Mtaalamu wa elimu ya lugha Jim Cummins, wa Kanada, alionyesha kwamba lugha ya kuongea na lugha ya masomo ni vitu viwili. Ya kuongea mtoto huipata kwa mwaka mmoja au miwili. Ya masomo, ile ya kusoma swali la Historia na kuandika jibu la ukurasa mzima, huchukua miaka mitano hadi saba.

Pigeni hesabu, wapendwa. Mtoto aliyeingia S1 akiwa mgeni wa Kiingereza anafika mtihani wa S4 kabla lugha haijakomaa. Si mjinga. Safari yake ni ndefu kuliko ya mwenzake aliyezaliwa hapa, na muda waliopewa ni ule ule.

Ndiyo maana wengi wanaishia njiani. Taarifa ya elimu ya UNHCR ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba uandikishaji wa watoto wakimbizi duniani ulikuwa asilimia 65 katika shule ya msingi, lakini asilimia 41 tu katika sekondari.

3. MAMBO MANNE AMBAYO KILA NYUMBA INAWEZA

(a) Mtoto awe mwalimu wako kwa Kiswahili. Usiseme, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Jioni mwambie, "Nieleze kitu kimoja mlichosoma leo." Akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kibembe, au kwa Kinyarwanda, lugha yoyote ya nyumbani. Ukiona hujaelewa, mwambie arudie. Anayeeleza kwa mdomo wake hukumbuka kuliko anayesoma kimya tu, na jambo lililoeleweka katika lugha moja ni rahisi kulivalisha maneno ya lugha nyingine. Kisha aandike maneno matano mapya ya Kiingereza ya somo lile. Matano tu, kila siku. Mke wangu hakumaliza shule ya msingi, lakini amefundishwa mzunguko wa damu mara nne!

Tena mtaala mpya wa sekondari ulioanza hapa Uganda mwaka 2020 uliweka Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2, ingawa si shule zote zilizopata walimu. Lugha ambayo mtoto wetu aliionea aibu inaweza kuwa somo lake la kwanza la kufaulu. Usimkataze kuitumia.

(b) Siku ya shule isiguswe. Wengi wetu hudhani kwamba kazi yote inaamuliwa na mtihani wa mwisho. Katika mtaala huu, asilimia 20 ya alama za UCE hutoka katika kazi anazofanya mtoto darasani, na mtihani unabeba 80. Wa kwanza kupimwa hivyo ni wale wa mwaka 2024. Maana yake, mtoto unayemzuia ili akapange foleni siku ya mgao, au akabebe mahindi, au amlinde mdogo wake, amepoteza kazi ya siku hiyo ambayo huenda isirudiwe. Na mara nyingi anayezuiwa ni binti. Kaka yake anasoma, yeye yuko bombani na jerikani tatu. Akirudi ni giza. Halafu tunasema wasichana hawapendi shule! Kazi za nyumba zigawanywe, mvulana naye anajua njia ya bombani. Na binti akiwa katika siku zake asikose shule kwa kukosa kitambaa safi. Mama, zungumza naye mapema. Baba, toa pesa bila kuuliza maswali ya kumwaibisha.

(c) Chakula, taa na usingizi. Najua nisemalo, maana sufuria yangu si tofauti na yenu. Mwezi Mei 2025 WFP ilitangaza kwamba watu milioni moja hapa Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa kukosa fedha. Siwezi kuwaambia mpike mara tatu. Nawaambia hivi: kilichopo kidogo, mwanafunzi aonje asubuhi kabla ya kuondoka, hata ikiwa ni uji mwembamba au kiazi cha jana. Tumbo tupu halisikii mwalimu. Taa ya sola ikiwa ni moja, wapeni wanafunzi saa moja nzima, nasi wazee tuongee gizani. Kisha walale. Kijana wa umri ule anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kukesha na vitabu mpaka alfajiri si bidii, ni kujitoboa mfuko.

(d) Nenda shuleni kabla hujaitwa. Kule kwetu prefe alikuwa mtu wa kuogopwa, na mzazi alimwona siku ya kugombezwa tu. Hapa nenda mapema. Vaa vizuri, msalimu hedimasta, mwulize mwalimu wa darasa maswali matatu: Mtoto wangu anahudhuria? Ana marafiki? Ni somo gani linamshinda? Kama hujui Kiingereza, chukua ndugu wa kanisa akutafsirie, usimchukue mtoto mwenyewe. Mimi ningekwenda mapema, wiki tatu zisingepita. Na mwenye karatasi za shule za Kongo, hata nakala, azitunze. Vyeti vya sekondari vya nchi nyingine hulinganishwa na UNEB.

4. MOYO WA MWANAFUNZI

Watoto wetu wengine wameona mambo ambayo macho ya mtoto hayakupaswa kuona. Mwingine hashikiki darasani, mlango ukigongwa anaruka. Mwingine haongei. Mwingine kichwa kinamwuma kila asubuhi na dispensari hawaoni malaria. Mwingine amekuwa mkali, anapigana.

Hapa naomba tusemezane kama watu wa nyumba moja. Tumekuwa wepesi kusema ni pepo, au ni kiburi. Tuombe, ndiyo, na tusichoke. Lakini Eliya alipochoka mpaka akatamani kufa, katika 1 Wafalme 19, kwanza malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Maneno yalifuata baadaye. Tujifunze utaratibu huo.

Usimlazimishe mtoto kusimulia vita. Kaa karibu naye katika kazi, kama mama wa maharagwe. Siku zake ziwe na mpango unaojulikana: saa ya kula, saa ya kusoma, saa ya mpira, saa ya sala. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Akisema, msikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu. Na mtoto akizungumza habari za kutaka kufa au kujidhuru, usingoje Jumapili. Asiachwe peke yake, mpelekeni siku ile ile kwenye kituo cha afya au kwa mshauri wa makazi. Kufanya hivyo si kupungukiwa na imani.

5. KANISA NALO LIFANYE NINI?

Danieli alipopata jambo zito katika sura ya 2, alikwenda nyumbani akawaambia wenzake watatu, wakaomba pamoja. Vijana wetu wanahitaji nyumba kama ile. Jengo letu linakaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Wazee wa kanisa wamekubali lifunguliwe jioni tatu kwa wiki kwa ajili ya kusoma. Wa S4 awaelekeze wa S2. Aliyesoma kwa Kifaransa akutane na mwenzake aliyepita njia hiyo. Wasichana warudi nyumbani pamoja kabla ya giza, akiwepo mama mmoja wa kuwasindikiza. Watoto wa dini na madhehebu mengine wakija, karibuni sana.

Mtaniuliza, kijana wako aliishia wapi? Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale niliomhubiria mbele yao. Haikuwa rahisi. Mwalimu wa darasa, tulipozungumza, alikubali awe anampa muda kidogo wa kufikiri kabla ya kujibu, na akawakataza wengine kucheka. Alirudi. Alifanya UCE mwaka 2024. Kemia haikwenda vizuri, sitawadanganya. Lakini alipata cheti, na sasa anasomea ujenzi katika chuo cha ufundi. Matofali ameyarudia, ila safari hii anayapanga kwa vipimo, na akija nyumbani ananieleza kwa Kiswahili namna ya kupiga pembe ya nyumba. Nami nasikiliza.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni mtu mzima gani ambaye mwanafunzi anaweza kumwambia aibu yake? Kama hayupo, tufanye nini?
2. Muhula huu mtoto amekosa shule siku ngapi, na kwa sababu gani? Sababu ipi ilitoka kwetu wazazi?
3. Kazi za jioni zimegawanywaje kati ya wavulana na wasichana?
4. Leo usiku kila mwanafunzi aeleze jambo moja alilojifunza. Wazazi waulize, wasihukumu.

Sala: Bwana, uliyekuwa na vijana wanne ugenini, uwe na wetu pia. Utupe masikio kabla ya midomo. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu, mzazi mwenzenu.